Kiti cha Mwenzako Si Sadaka Yako



Leo nakupeleka kwenye mchezo ambao wengi wetu tunauona kwenye televisheni tu, tena mara moja kila baada ya miaka minne: kuteleza kwa mitindo kwenye barafu. Ni ule ambao binti au kijana anavaa viatu vyenye chuma chembamba chini ya soli, muziki unapigwa, anazunguka kama pia, anaruka, anatua kwa mguu mmoja, na majaji wanahesabu kila kosa. Usigeuze ukurasa. Ndani ya mchezo huo kuna swali ambalo limewatoa watu machozi kwa zaidi ya miaka 30, na kanisani kwako lipo pia, hata kama halijawahi kuandikwa kwenye ajenda ya kikao. Mtu aliyekuwa nyota, akaondoka kwa jeraha au kwa kuchoka, siku akirudi, je, aliyebaki anyanyuliwe ili yeye akae?

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu hutaona uchungu ulipo. Kwenye mashindano ya dunia na Olimpiki, nchi moja haiwezi kuingiza zaidi ya wanawake watatu na wanaume watatu wanaoteleza mmoja mmoja. Nchi nyingi hupata mmoja tu. Idadi hutokana na jinsi wachezaji wa nchi hiyo walivyomaliza mashindano ya dunia yaliyotangulia: nchi iliyopeleka watatu hujumlisha nafasi za wawili wake bora, na jumla isipozidi 13 inabaki na viti vyake vitatu. Kwa hiyo kila kiti unachokiona kuna mtu alikilimia msimu uliopita. Juu ya hapo, mchezaji lazima awe amefikisha alama za chini za ufundi zilizowekwa na shirikisho la kimataifa. Akishafikisha, jina la anayekwenda linaamuliwa na chama cha nchi yake, ndani ya chumba, mlango umefungwa.

Januari 2006, mjini St. Louis, Marekani ilifanya mashindano yake ya taifa kabla ya Olimpiki ya Torino. Kwa wanawake, wa kwanza alikuwa Sasha Cohen, wa pili Kimmie Meissner, wa tatu Emily Hughes, binti wa miaka 16. Viti vilikuwa vitatu. Kwa mtu wa kawaida kazi imekwisha, wafungashe mizigo. Lakini Michelle Kwan hakuwepo uwanjani siku hiyo. Huyu alikuwa bingwa wa dunia mara tano na bingwa wa taifa mara tisa, mwenye medali ya fedha ya Olimpiki ya 1998 na ya shaba ya 2002. Dhahabu ya Olimpiki ndiyo pekee iliyokuwa haijaingia kabatini. Alikuwa ameumia kinena, akaiomba kamati impe nafasi bila kushindana. Kamati ikakubali, kwa sharti kwamba mwishoni mwa mwezi watu wa chama wakamtazame akifanya mazoezi. Wakamtazama, wakaridhika. Emily akawekwa akiba.

Kwan akafika Torino, akaingia kwenye barafu kwa mazoezi, maumivu yakarudi, na siku mbili baada ya sherehe ya ufunguzi akajitoa. Emily akaitwa kwa haraka, akaenda, akashindana, akawa wa saba duniani.

Sasa rudi nyuma miaka 12. Januari 1994, mjini Detroit, Nancy Kerrigan alipigwa mguuni kwa rungu, katika njama iliyopangwa na watu wa karibu na mpinzani wake, akashindwa kushiriki mashindano ya taifa. Kamati ikampa kiti cha Olimpiki hata hivyo. Safari hiyo viti vilikuwa viwili tu, na mtoto aliyemaliza wa pili, akaachwa akiba, alikuwa na miaka 13. Jina lake Michelle Kwan. Ndiyo, yule yule. Kiti alichokiachia utotoni, ukubwani akapewa cha mtoto mwingine.

Utasema kesi hizi mbili ni moja. Mimi nasema hazifanani. Kerrigan alinyang'anywa nafasi kwa rungu. Kumpa kiti ilikuwa kurudisha mali iliyoibwa, na hata Zakayo alijua kwamba kilichoibwa hurudishwa. Alirudi kutoka Lillehammer na medali ya fedha. Ila Kwan wa 2006 hakuibiwa na mtu. Mwili wake ulichoka, kama miili yote inavyochoka, na kamati ikaliheshimu jina lake. Kuna haki, halafu kuna heshima, na taabu inaanza pale tunapolipa heshima kwa fedha ya haki.

Mkristo akiulizwa kuhusu jambo hili hukimbilia Mathayo 20, ule mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Waliokuja saa ya mwisho walipewa dinari moja sawasawa na waliochomwa na jua kutwa nzima. Basi, tunasema, aliyerudi jana apokelewe sawa na aliyekuwepo, na mwenye kunung'unika ana jicho baya. Tunahubiri hivyo, watu wanaitikia amina.

Lakini soma tena taratibu, uangalie mfuko uliotoa ile fedha. Ulikuwa mfuko wa mwenye shamba mwenyewe. Wale wa alfajiri walipewa dinari yao waliyopatana, nzima, haikupungua hata senti. Mwenye shamba hakumchomoa mtu wa alfajiri fedha mkononi ili ampe wa jioni. Angefanya hivyo, mfano ungekuwa mwingine kabisa, na wanung'unikaji wangekuwa manabii.

Nenda pia Luka 15. Mwana mpotevu anarudi, anavalishwa joho na pete, ndama anachinjwa. Kaka mkubwa anakasirika, nasi tumemhubiri vibaya miaka yote kama mtu wa roho ngumu. Lakini Yesu anamwacha baba atoke nje kwenda kumsihi huyo kaka, na kumhakikishia kwamba vyote vilivyobaki ni vyake. Mali ilikuwa imeshagawanywa mwanzoni mwa hadithi. Mdogo alipewa karamu. Urithi wa kaka yake haukuguswa. Baba alijua kwamba kumpokea aliyerudi ni jambo moja, na kumkabidhi sehemu ya mwingine ni jambo lingine, akafanya la kwanza kwa moyo wote na la pili hakulifanya.

Kamati ya mchezo wa barafu haina dinari zake. Ina viti vitatu, na kila kiti ikimpa huyu imemnyima yule. Ndiyo maana nasema haiwezi kuwa karimu kwa namna ya mwenye shamba. Ikitaka kumkirimia aliyerudi itoe vilivyo vyake: kocha, daktari, saa za uwanja, fedha za safari, mwaliko kwenye mashindano madogo. Huko kuna nafasi ya ndama kumi.

Hapo msomaji mwenye kujua michezo ataninyooshea kidole. Atasema: mwandishi, timu ya taifa inakwenda kushinda, haiendi kugawa pole. Mashindano ya siku moja yanaweza kudanganya. Bingwa huteleza siku mbaya, chipukizi hupata siku njema, kisha duniani mambo yanageuka. Je, chama kifunge macho kisione miaka mitatu ya kazi kwa sababu ya dakika nne?

Hoja hii ina uzito, na kesi ya 2025 inaupima vizuri. Isabeau Levito alikuwa wa pili duniani mwaka 2024. Msimu uliofuata aliumia mguu, akakosa mashindano ya taifa ya Januari 2025 mjini Wichita. Wa tatu siku hiyo alikuwa Sarah Everhardt. Chama cha Marekani kikampeleka Levito kwenye mashindano ya dunia mjini Boston, Everhardt akabaki. Kwa upande mmoja, moyo unauma kwa binti aliyesimama jukwaani na medali shingoni kisha hakwenda. Kwa upande mwingine, kumbuka hesabu niliyokupa: nafasi ya pili ya Levito mwaka 2024 ilichangia sana Marekani kuwa na viti vitatu Boston. Alikuwa amelima lile shamba. Tena kanuni za Marekani zilikuwa zimesema tangu mwanzo kwamba matokeo ya nyuma yatahesabiwa, na kwamba aliyeumia anaweza kuomba. Levito alimaliza wa nne.

Kama ungeniuliza, ningempeleka Levito. Lakini sababu isiwe kwamba alimaliza wa nne, maana mwezi Januari hakuna aliyejua atakuwa wa ngapi. Matokeo mazuri hayaufanyi uamuzi kuwa wa haki baada ya siku, kama vile mvua kunyesha hakumhalalishii mtu shamba alilolipora.

Mambo ya Walawi 19:15 ina onyo ambalo huwa tunalisoma nusu. Tunakumbuka kwamba hakimu asimtukuze mkubwa. Tunasahau kwamba mstari huo huo unamkataza pia kumpendelea mnyonge. Nalisema hili kwa sababu sisi watu wa kanisa tunapenda chipukizi anayelia. Machozi yake yanatugusa, tukamwona kila aliyerudi kuwa mnyang'anyi. Mungu anaitaka kamati iwe na mizani, na mizani haiulizi nani amelia zaidi wala nani jina lake linajulikana zaidi.

Mwaka 2014, Boston hiyo hiyo, Mirai Nagasu alikuwa wa tatu kwenye mashindano ya taifa. Viti vilikuwa vitatu. Ashley Wagner, bingwa wa taifa wa miaka miwili iliyotangulia, alianguka siku hiyo akawa wa nne, naye ndiye aliyepelekwa Sochi. Nagasu, aliyewahi kuwa wa nne Olimpiki ya 2010, akabaki nyumbani. Kamati iliangalia matokeo ya muda mrefu, na kanuni zilimruhusu Wagner. Lakini fikiria wewe ndiye binti huyo: umeteleza vizuri, umevishwa medali ya shaba, halafu unasikia kwamba yaliyopimwa leo hayakuwa ndiyo yanayopimwa. Wagner alikuwa wa saba Sochi. Nagasu alirudi mazoezini, akajifunza ruko liitwalo akseli, la mizunguko mitatu na nusu hewani, na mwaka 2018 kule Pyeongchang akawa mwanamke wa kwanza wa Marekani kulitua kwenye Olimpiki. Nafurahi kwa ajili yake. Ila wahubiri wenzangu, tusiugeuze ushindi wake kuwa dawa ya kusafisha uamuzi wa 2014, kana kwamba wale waliomwacha walikuwa wakimsaidia. Yusufu alifika ikulu ya Misri, na ndugu zake waliomuuza bado walikuwa wamemuuza.

Sasa tuwaone waliorudi bila kumsukuma mtu. Kim Yuna wa Korea Kusini alishinda dhahabu ya Olimpiki mwaka 2010, kisha baada ya mashindano ya dunia ya 2011 akapumzika. Aliporudi mwaka 2012 hakuwa na alama za chini za ufundi zinazohitajika, kwa kuwa hakuwa ameshindana. Basi malkia wa barafu akaenda Dortmund, Ujerumani, kwenye mashindano madogo ya Desemba, akatafuta alama zake kama mwanafunzi anayerudia mtihani. Kisha akashindana mashindano ya taifa ya nchi yake kama wengine. Machi 2013, mjini London kule Kanada, akawa bingwa wa dunia. Sikia sasa tunda lake: Korea iliyokuwa na kiti kimoja ikapata viti vitatu vya Sochi, na wadogo zake wawili, Kim Hae-jin na Park So-youn, wakaenda naye Olimpiki. Kurudi kwake kuliongeza viti.

Alysa Liu alifanya vivyo hivyo. Aliacha mchezo mwaka 2022 akiwa na miaka 16, amechoka, akaenda kuishi maisha ya binti wa kawaida. Mwaka 2024 akarudi kwa kuanzia mashindano ya kawaida Budapest. Alipofika mashindano ya taifa Januari 2025 alikuwa wa pili, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kuombwa ampishe, na miezi miwili baadaye akawa bingwa wa dunia, mwanamke wa kwanza wa Marekani tangu 2006.

Lakini anayenigusa zaidi ni Mjapani Daisuke Takahashi. Bingwa wa dunia wa 2010, alistaafu mwaka 2014, akarudi 2018 akiwa na miaka 32, umri ambao katika mchezo huu unaitwa mzee. Desemba mwaka huo akawa wa pili kwenye mashindano ya taifa ya Japani. Kiti cha mashindano ya dunia, yaliyokuwa yafanyike nyumbani kwao Saitama, kilikuwa mkononi, kwa haki kabisa. Akakikataa. Alisema waende vijana, wapate uzoefu huo. Keiji Tanaka, aliyekuwa nyuma yake, akaenda.

Usidhani alilipwa wema wake papo hapo. Baadaye Takahashi alihamia dansi ya wawili akiwa na Kana Muramoto. Desemba 2021 walikuwa wa pili nyumbani nyuma ya Misato Komatsubara na Tim Koleto. Kiti cha Olimpiki ya Beijing kilikuwa kimoja. Wapo walioona kwamba Takahashi na mwenzake walikuwa na alama kubwa zaidi kimataifa msimu ule, tena jina lake lingejaza magazeti. Kamati ikawapeleka washindi wa nyumbani. Takahashi na Muramoto walipelekwa mashindano ya Mabara Manne, wakarudi na medali ya fedha. Japani haikumvunjia heshima. Ilimpa barafu nyingine ya kutelezea.

Yote haya Maandiko yanayo, katika Matendo ya Mitume 15, na sijui kwa nini hatulisomi kama habari ya uteuzi. Yohana Marko alikuwa ameondoka safarini kule Pamfilia, akawaacha Paulo na Barnaba na kazi. Safari ya pili ilipopangwa, Barnaba akataka arudishwe. Paulo akakataa: haifai kumchukua aliyetuacha. Wakagombana hasa, wanaume wawili waliojaa Roho Mtakatifu. Tena Marko alikuwa binamu ya Barnaba, na yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati anaijua hiyo harufu.

Angalia jinsi lilivyokwisha. Paulo akamchukua Sila. Barnaba hakumng'oa Sila ili ampe Marko nafasi. Alikata njia nyingine, akapanda chombo na Marko kwenda Kipro, kisiwa alichozaliwa yeye mwenyewe, kwa gharama ya urafiki wake na Paulo. Kipro kilikuwa Dortmund ya Marko. Miaka ikapita, na katika waraka wa pili kwa Timotheo, Paulo akiwa kifungoni anaagiza Marko aletwe, kwa kuwa anamfaa kwa kazi. Paulo yule yule. Marko alirudi kwenye timu akiwa ameshapimwa upya, na Sila hakupoteza kitu.

Na kabla ya hapo, katika sura ya kwanza, nafasi ya Yuda ilipotakiwa kujazwa, Petro alitaja sharti kwanza: awe mtu aliyefuatana nasi tangu ubatizo wa Yohana hadi Bwana alipopaa. Majina mawili yakaja baada ya sharti, Yusufu Barsaba na Mathiya. Laiti vyama vyote vya michezo vingefuata mpangilio huo: sharti litangazwe msimu unapoanza, liseme matokeo ya nyuma yana uzito gani na aliyeumia ataomba vipi, halafu majina. Kamati inayotafuta sharti ikiwa na jina tayari mfukoni imeshachagua.

Sasa nakujia wewe, ndugu yangu. Mwimbaji wenu mkuu alihamia mjini miaka mitatu, amerudi wiki mbili kabla ya mashindano ya kwaya ya dayosisi. Sauti yake mnaijua. Binti aliyeshika nafasi yake tangu Januari, aliyekuja mazoezini kwa mguu wakati wa mvua, sauti yake ni ndogo kidogo. Mwalimu anasema tumpokee ndugu yetu, Mungu ni wa rehema, na maikrofoni inahama mkono. Waumini wanapiga makofi. Binti anarudi mstari wa nyuma, na tunamwambia awe mnyenyekevu.

Mpokeeni ndugu huyo. Mpikieni pilau, mpeni sare mpya, mpeni wimbo mwingine aufanyie kazi. Na kama katiba ya kwaya inaruhusu wapimwe wote wawili mbele ya watu, wapimeni, na atakayeshinda aimbe. Lakini kama mmeshaamua, basi mwalimu, usimwache binti asikie kwenye tangazo la Jumapili. Nenda kwao leo jioni, ukae, umwambie mwenyewe sababu, na umsikilize mpaka amalize kusema.